Jinsi ya Kummaliza Kiroboto, Paka Akabaki Hai

Weka chini hilo dumu la mafuta ya taa. Jirani amekuapia kwamba kwao walimpaka paka mafuta ya taa jioni, na kulipokucha viroboto wote walikuwa wamekufa. Muulize: na paka aliamkaje? Paka hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo chochote unachompaka kwenye manyoya umempa akinywe. Mafuta ya taa humuunguza ngozi, humvuruga tumbo, na akitapika matone yake huingia mapafuni. Ndipo utakapomsikia akihema kwa shida, na kuanzia hapo hata daktari hana mengi ya kufanya. Kiroboto angemnyonya mwezi mzima asimfikishe huko.

Mwongozo huu una sharti moja lisilojadiliwa: kazi ikiisha, kiroboto awe amekufa na mnyama awe hai. Ukilikubali, endelea kuviweka chini na vingine. Weka chini oili chafu uliyopewa gereji. Weka chini dizeli. Weka chini ule unga wa kuulia wadudu wa bustani, maana umetengenezwa kwa ajili ya kabichi, na kabichi haijilambi. Weka chini dawa ya kuogeshea ng'ombe, hasa ile unayoipima kwa kifuniko cha soda na kukadiria kwa jicho. Vipimo vyake ni vya ng'ombe wa kilo mia tatu. Paka wako ana kilo tatu. Nyingi kati ya dawa hizo zina amitrazi, na paka haistahimili amitrazi hata ukiichanganya na maji ya pipa zima.

Kisha ipo ile inayonikasirisha kuliko zote, kwa sababu imefungwa vizuri, ina lebo, na inauzwa kwa jina la dawa ya viroboto. Ni dawa ya mbwa yenye permetrini. Kwenye lebo utaiona imeandikwa permethrin. Mbwa anaiweza. Paka hana uwezo wa kuivunja mwilini mwake, inabaki ndani na kushambulia mishipa ya fahamu: masikio yanaanza kucheza, misuli inatetemeka, halafu anaingia degedege. Nilikuwa nimepanga foleni kwenye duka moja la dawa za mifugo, mbele yangu mama mtu mzima mwenye kanga mbili na kikapu. "Hii ya mbwa, mwanangu, na paka naweza kumtilia?" Kijana wa kaunta hakuinua hata uso. "Weka tu, mama, ila nusu."

Nusu! Nusu ya sumu ya paka ni sumu ya paka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikamwomba asiifungashe. "Marahaba, mwanangu. Kwani ina nini?" Nikamwonyesha pale ubavuni mwa pakiti palipochorwa paka aliyekatwa kwa mstari mwekundu, kachoro kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Aliinua pakiti, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha kwenye kaunta bila neno na kumtazama yule kijana mpaka kijana akaenda mwenyewe rafu ya nyuma kutafuta yenye picha ya paka asiyekatwa. Nawe fanya hivyo hivyo. Tazama picha, soma uzito, soma umri, ndipo utoe pesa.

Kama umeshamtilia na umeanza kumwona anatetemeka, mwogeshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mfunge kwenye taulo, umpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na pakiti mkononi. Usimnyweshe maziwa ukidhani yanaua sumu. Mnyama aliye kwenye degedege hamezi vizuri, na maziwa hayo yatakwenda mapafuni.

Haya, mikono imebaki mitupu. Sasa hakikisha unayemtafuta ni kiroboto. Nimeona watu wakipigana na kiroboto ilhali mbwa ana kupe, na wengine wakimtilia dawa ya kupe paka mwenye utitiri wa masikio. Kupe hakimbii: anajichimbia mdomo kwenye ngozi na kuvimba pale pale mpaka awe mfuko wa kijivu. Chawa hutambaa polepole na mayai yake huganda kwenye nywele. Kiroboto ana milimita moja hadi tatu, rangi ya kahawia iliyoiva, na amebanwa ubavu kwa ubavu ili apite kati ya nywele bila kukwama. Ukimwona umeshamkosa.

Kwa hiyo usimtafute yeye, tafuta kinyesi chake. Mlaze paka kwenye mapaja, pasua manyoya juu kidogo ya mkia, pale mgongo unapoishia, kisha chini ya shingo na tumboni. Utaona chembe nyeusi zinazofanana na pilipili manga iliyosagwa. Zikung'ute kwenye kitambaa cheupe kilicholowana, au karatasi ya chooni yenye maji, na usubiri kidogo. Uchafu wa kawaida utabaki mweusi. Kinyesi cha kiroboto kitaanza kuvuja pembeni, kitatengeneza duara la rangi ya kutu, na duara hilo litapanuka mpaka uone wazi kwamba ni damu. Ni damu ya paka wako, imepita tumboni mwa kiroboto na kukauka. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na kinamshika kiroboto hata kwa paka hodari wa kujilamba, ambaye huwameza wanaomsumbua na kukuacha ukiapa kwamba hana hata mmoja.

Kiroboto huyo, awe kwa paka au kwa mbwa, kwa kawaida ni aina ile ile moja ambayo wanasayansi huiita Ctenocephalides felis, kiroboto wa paka. Mbwa naye anamchukua huyo huyo, kwa hiyo usigombanishe wanyama wako kuhusu nani alianza. Hana mabawa. Kifuani, juu ya miguu yake ya nyuma, ana kipande cha resilini, utomvu wa mwilini unaonyumbuka kama mpira, unaobanwa na kuachiwa ghafla, na kwa huo anaruka sentimita ishirini na zaidi kwenda mbele. Wataalamu walibishana miaka mingi kama anajisukuma kwa goti au kwa kidole, mpaka mwaka 2011 Gregory Sutton na Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipompiga picha za kasi na kuonyesha kwamba anasukumia vidole vya mguu. Vidole vyako wewe havina kasi hiyo. Acha kumfukuzia kwa kucha.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, na hapa naomba utulie usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza vita. Wengi wanaamini kiroboto anaishi kwa paka, na kwamba ukimsafisha paka umemaliza. Kiroboto mzima kweli anaishi kwa paka, na akishapanda hashuki kwa hiari yake. Lakini jike huanza kutaga ndani ya siku mbili baada ya kunyonya damu kwa mara ya kwanza, na akikolea hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe, laini, hayana gundi. Yanateleza kwenye manyoya na kudondoka popote paka anapolala, anapojikuna na anaporuka kutoka kwenye kochi. Majike kumi kwa mwezi mmoja wanaweza kukumwagia sebuleni mayai zaidi ya elfu kumi. Wataalamu hukadiria kwamba viroboto unaowaona kwa mnyama ni karibu asilimia 5 tu ya jeshi lote. Asilimia 95 iko kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye ufa wa sakafu na kwenye mishono ya kochi unalokalia ukisoma haya.

Yai huanguliwa ndani ya siku chache, akatoka buu mweupe mwembamba asiyependa mwanga. Buu hanyonyi damu ya mnyama. Anakula vile vinyesi vya wazazi wake, ile damu kavu inayodondoka pamoja na mayai, na anapenda mahali penye giza, joto na unyevu: uvunguni, chini ya zulia, kwenye kona isiyofagiliwa. Akishiba anajifumia kifukofuko chenye kunata, vumbi na mchanga vinagandia juu, na hapo hakuna jicho litakalomtambua. Ndani ya kifukofuko anakuwa kiroboto kamili kwa wiki moja au mbili, lakini si lazima atoke. Anaweza kungoja miezi, mpaka karibu mitano, akisikiliza. Anasikilizia mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi. Vikimfikia, anatoka na kuruka.

Ndiyo maana familia ikirudi kutoka mapumziko ya Krismasi, nyumba ilikuwa imefungwa, paka alikuwa kwa bibi, wanafungua mlango na viroboto wanawarukia vifundo vya miguu kabla mabegi hayajatua. Ndiyo maana mtu anahamia nyumba ya kupanga ambayo mpangaji aliyetangulia aliondoka na mbwa wake, na usiku wa kwanza analala akijikuna, ilhali hajawahi kufuga hata kuku. Hakuna aliyemroga. Wale waliokuwa wanangoja wamesikia mtu.

Huku pwani, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, hatuna baridi ya kutusaidia. Joto la nyuzi ishirini na kitu na hewa yenye unyevu ndiyo hali anayoitaka, na anaipata mwaka mzima. Wakati wa masika ndiyo kabisa. Lakini tunacho kitu kingine chenye nguvu, nacho hakiuzwi. Ni jua. Yai na buu haviwezi ukavu. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia hamsini buu anasinyaa na kufa, na juani anakufa upesi zaidi.

Basi kazi inaanza nyumbani, mnyama bado hajaguswa. Chagua siku ya jua kali, uite watoto, na mtoe kila kitu anachokilalia paka: mkeka, jamvi, busati, mito ya makochi, godoro la mtoto anayemficha paka ndani ya shuka. Msivitandike kivulini chini ya mwembe. Vitandikeni penye jua tupu tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa, na katikati mvigeuze. Shuka, foronya na kile kitambaa cha paka vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni. Mkeka wa ukindu upigwe kwa fimbo pande zote mbili, mbali na mlango, kwa sababu kinachodondoka hapo ni kizazi kijacho.

Ndani ya nyumba, fagia mahali ambapo hujapafagia tangu Idi. Sogeza kabati. Sogeza kitanda, usipitishe fagio la chelewa kwa kunyoosha mkono tu halafu ukasema uvungu umefagiliwa. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, ipitishe kwenye mishono ya makochi na kwenye zulia mara mbili tatu. Mtikisiko wake unawatoa wengine kwenye vifukofuko, na wakishatoka wanauawa kirahisi. Kama sakafu ni ya saruji yenye nyufa, ziba nyufa, hata kwa saruji ya kikopo kimoja. Kama ni ya udongo, hamisha mahali pa kulala mnyama pawe pale jua linapofika kila siku, kwa sababu kwenye udongo wa kivulini mabuu watazama chini na fagio halitawafikia. Takataka zote zifungwe kwenye mfuko na kupelekwa jaani siku hiyo hiyo, au zichomwe. Ukizimwaga chini ya dirisha, paka atazilalia kesho.

Utauliza kuhusu dawa ya kupuliza. Ile ya kopo ya kuulia mbu inaua kiroboto mzima inayemgusa, haipenyi kifukofuko, na nyingi zina dawa za ukoo ule ule wa permetrini. Kwa hiyo ukipuliza, watu na wanyama watoke, vyakula vifunikwe, samaki wa kwenye chombo cha kioo wahamishwe, na paka asirudi mpaka pamekauka na hewa imepita. Kama unaweza kuchagua, ulizia dawa ya nyumba yenye metopreni au piriproksifeni. Hizo huzuia mayai na mabuu wasikue, na hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi.

Nyumba ikishakamilika, ndipo sasa zamu ya mnyama. Na ninaposema mnyama nina maana wote, siku moja: paka, mbwa, na yule paka wa jirani anayekula kwako na kulala kwao. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine unatwanga maji kwenye kinu.

Anza na kitana chenye meno yaliyokaribiana, kile cha kutolea chawa. Weka pembeni bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo. Chana kutoka shingoni kwenda mkiani, polepole, ukikandamiza mpaka kitana kiguse ngozi, na kila mara kichovye kwenye bakuli. Maji matupu hayatoshi, kiroboto ataelea na kuruka tena. Sabuni inayavunja maji ile ngozi ya juu, naye anazama. Utamwona anarusha miguu, anashuka, anatulia chini pamoja na zile chembe nyeusi ambazo tayari zimeanza kuyapaka maji rangi ya kutu. Mtoto wa paka au wa mbwa aliye chini ya wiki nane, hii ndiyo dawa yake: kitana kila siku, na ikibidi maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha akaushwe upesi na kuwekwa mahali penye joto. Dawa nyingi za matone hazimfai bado. Na usimpuuze eti ni mdogo tu anajikuna. Damu yake yote ni kidogo, na viroboto wengi wanaweza kuimaliza. Funua mdomo wake: ufizi ukiwa mweupe badala ya waridi, hiyo ni dharura, daktari leo.

Mbwa mwogeshe. Kwanza zungushia povu zito shingoni, ndipo ulowanishe mwili, la sivyo viroboto watakimbilia kichwani na kujaa masikioni na pembezoni mwa macho. Acha povu dakika kumi kabla ya kusuuza. Paka mzima simshauri mtu amwogeshe pasipo sababu. Ana kucha kwenye miguu yote minne, anaamini unamuua, na ana haki ya kujitetea. Kitana kinamtosha, pamoja na tone.

Tone ndiyo silaha ya kweli kwa mnyama mzima. Zipo zenye fipronili, zenye imidaklopridi, zenye selamektini; mbwa wana pia vidonge vya kutafuna vya aina mpya vinavyodumu mwezi mmoja hadi mitatu. Mpime mnyama kwanza: panda mizani ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Pasua manyoya nyuma ya shingo, kati ya mabega, mpaka uione ngozi, umimine hapo. Ni ngozini, maana dawa iliyobaki juu ya manyoya imepotea. Na ni nyuma ya shingo, kwa sababu huko ulimi wake haufiki. Asiogeshwe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Kama unafuga sungura, dawa ya fipronili isimkaribie hata harufu, inamuua.

Kuhusu mitishamba nitasema yale ninayoyaamini. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupoa, ukayafutia sakafu, sina ugomvi nayo. Mafuta ya mwarobaini yasiyochanganywa na kitu yasimguse paka. Kitunguu saumu kwenye chakula ni kosa kubwa linalofanywa na watu wenye nia njema: saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, na mnyama aliyenyonywa na viroboto hana damu ya ziada ya kuharibiwa. Ndimu kwenye ngozi iliyokunwa ni mateso, na mafuta ya maganda yake ni sumu kwa paka. Siki humfanya paka anuke siki, na kiroboto haijali.

Kuna mtego mmoja wa nyumbani ninaoupenda. Usiku, zima taa zote, weka sahani pana ya maji yenye sabuni sakafuni na taa ya umeme inayomulika juu yake kwa karibu. Viroboto waliotoka karibuni kwenye vifukofuko hufuata mwanga na joto, wanaruka, wanazama. Mtego huu hauwamalizi. Kazi yake ni kukuonyesha hali ilivyo: asubuhi utajua chumba gani bado kina shida, na wiki hadi wiki utaona kama wanapungua.

Sasa jambo linalowakatisha tamaa watu. Wiki mbili au tatu baada ya kazi yote hii, viroboto wataonekana tena. Utataka kumrudia yule kijana wa duka umwambie dawa yake ni maji. Vumilia. Hao ni wale waliokuwa kwenye vifukofuko siku ulipofagia. Wametoka, wamepanda kwa paka mwenye dawa, na watakufa kabla ya kutaga kizazi cha maana. Ukiacha hapo, yule mmoja atakayempata paka ambaye dawa yake imekwisha nguvu ataanza upya na mayai yake arobaini kwa siku. Tone kila mwezi, kufagia kila siku mbili tatu, kuanika kila wiki, kwa miezi mitatu mfululizo. Miezi mitatu ndiyo inayowapitisha wengi wa wale wanaongoja.

Mnaofuga kuku, tazameni pia vichwa vyao. Yupo kiroboto mwingine anayejibandika kwenye ngozi kuzunguka macho na upanga wa kuku, haruki ovyo, na mbwa anayelala bandani humpata kwenye masikio. Mkimtibu mbwa na kuacha banda, mmefanya nusu ya kazi.

Na funza, wengine humwita tekenya, naye ni kiroboto. Meli iliyotoka Brazili ilimfikisha Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshakata bara zima mpaka pwani yetu. Jike lake huingia ndani ya ngozi na kuvimba humo na mayai yake. Mbwa anayechechemea na kuramba nyayo mfululizo, mgeuzeni mtazame kati ya vidole: vidoti vyeusi katikati ya uvimbe mweupe ndio wenyewe. Nyumba inayotibu miguu ya watoto na kumwacha mbwa wa uani itatibu miguu ya watoto tena mwezi ujao. Na pini moja isizunguke kutoka mguu hadi mguu.

Kwa nini nasisitiza hivi kwa mdudu wa milimita mbili? Kwa sababu paka akimmeza kiroboto wakati wa kujilamba anaweza kumeza pamoja naye mnyoo aina ya tegu, na utaona vipande vyake, kama punje za mchele, vimegandia chini ya mkia au kwenye kitambaa anacholalia. Mtoto mdogo anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni anaweza kupata tegu huyo huyo kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo siku ya tone iwe pia siku ya dawa ya minyoo, yenye prazikwanteli, kwa vipimo vya daktari. Wapo pia wanyama wenye mzio wa mate ya kiroboto. Hao huhitaji kuumwa mara chache tu ili wajing'ate mpaka kiuno kibaki upara.

Tena kuna ndugu yao, kiroboto wa panya. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha Karachi mwaka 1898 kwamba viroboto ndio wanaotoa tauni kwa panya na kuileta kwa watu, na watu wa Lushoto hawahitaji kusimuliwa: tangu mwaka 1980 ugonjwa huo uliwarudia mara kwa mara kwa miaka zaidi ya ishirini. Mahali penye historia hiyo, panya wakianza kufa ovyo ndani ya nyumba, msiwashike kwa mikono wala msimwachie paka awachezee. Mfungieni ndani, mkatoe taarifa zahanati.

Miezi mitatu ikipita, rudia kile kipimo cha kitambaa cheupe. Kisipotoa wekundu, wameisha; huku pwani endelea na tone la kila mwezi hata hivyo, kwa sababu paka wa mtaani hawaishi kupita kibarazani. Kitambaa kikitoka kisafi na mnyama bado anajikuna, acha kumwongezea dawa ya viroboto. Huenda ana utitiri, au fangasi, au kidonda cha sikio, na hilo linamhitaji daktari wa mifugo akwangue ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini. Mpeleke na lebo za kila dawa uliyokwisha kumtilia.